Ukiwa msomi ugenini, simu yako ndio ofisi ya watu wote

Mwaka wa kwanza nilipoajiriwa kufundisha chuo ugenini nilikuwa na simu mbili, sio kwa ufahari jamani, moja ni ya mezani ambayo chuo walinipa na sikumbuki kama iliwahi kulia hata mara tano, nyingine ni hii yangu ya mfukoni ambayo ilikuwa hainyamazi. Mtu kapewa barua na mwenye nyumba haielewi, mwingine mtoto kaandikiwa kitu shuleni, mwingine yuko hospitali muda huu na daktari anasubiri mtu wa kutafsiri. Ukijaribu kusema una darasa kesho unajibiwa "sasa we si ndio umesoma?", alafu hapo hamna jibu, unavaa viatu unaenda.

Nawaandikia hasa vijana wanaomaliza PhD sa hivi na wanataka kufanya yote mawili, kufundisha na kupigania watu wao. Inawezekana. Ila mimi niliianza vibaya sana.

Kwanza ujue chuo kinavyokuhesabu. Vyuo vingi mwalimu anapimwa kwa mambo matatu, utafiti, ufundishaji na huduma, na hiyo huduma wanaitaja kwa heshima kabisa mpaka siku ya kupandisha cheo, hapo wanahesabu pepa, yaani makala za utafiti ulizochapisha. Tathmini yangu ya kwanza nilipeleka faili nene, vikao vya wazazi, semina za wakimbizi, barua za shukrani, yaani nilijiona mtu. Mwenyekiti wa kamati akaniangalia kwa upole akasema "kazi yako kwenye jamii inatupa fahari kubwa." Nikajua limeisha. Hakuuliza swali hata moja kuhusu lile faili, akafungua ukurasa wa machapisho, ulikuwa na mistari miwili.

Na kwa mhamiaji hiyo sio ishu ya cheo tu. Kibali changu cha kuishi kilikuwa kimefungwa kwenye ajira, kwaiyo kazi ikienda na kibali kinaenda, na wale wote wanaonipigia usiku wanabaki na namba ya mtu ambaye hayupo. Hilo ndio lilinitoa hatia. Nilikuwa naona kujifungia asubuhi kuandika ni ubinafsi wakati watu wana shida, kumbe ile pepa ndio iliyokuwa inanibakisha pale. Andika asubuhi, simu izime mpaka saa sita, hamna atakayekufa, na wa dharura kweli mfundishe namba ya dharura mapema maana wewe sio gari la wagonjwa.

Mtu ninayemfikiria sana kwenye haya mambo ni marehemu Micere Mugo, mwandishi wa Kenya. Alikuwa dekani, yaani mkuu wa kitivo, Chuo Kikuu cha Nairobi, akaikimbia Kenya 1982, akavuliwa uraia, akaenda Zimbabwe wakampokea, baadaye kuanzia 1993 akawa Syracuse, Marekani, anafundisha, na huko huko akaanzisha jumuiya ya Waafrika wa maeneo yale. Kinachonivutia sio yale mateso, wengi wanapenda kusimulia mateso. Ni kwamba darasani alikuwa na fasihi simulizi na haki za binadamu, na nje ya darasa alikuwa kwenye hayo hayo. Ukiangalia hivyo unaona ni kazi moja yenye milango miwili, wakati mimi nilikuwa nazikimbiza mbili kila moja na njia yake, ndio maana nilikuwa nachoka.

Nikaanza na daftari. Kila simu naandika aina ya shida tu, bila jina wala kitu cha kumtambulisha mtu. Baada ya mwaka nikakaa nikasoma, kiukweli nilishangaa, sehemu kubwa ilikuwa ni barua. Barua za shule na za hospitali zilizotumwa kwa lugha ambayo mpokeaji haisomi, na anayezisomea familia ni mtoto wa darasa la sita. Fikiria mtoto anamsomea mama yake majibu ya vipimo vya kansa. Hapo nikapata swali la utafiti ambalo nisingelipata maktaba, na nikaenda kuomba ruhusa ya kamati ya maadili ya utafiti kabla sijamhoji mtu yeyote. Hilo usiliruke hata kama watu ni wa nyumbani kwako, tena wakiwa wa nyumbani ndio zaidi, maana wanashindwa kukukatalia.

Alafu kuna mama mmoja. Nilimfuata na dodoso langu la pili, akanikaribisha vizuri, akakaa, akaniuliza "mwanangu, yale maswali ya mwaka juzi majibu yake yako wapi?" Sikuwa na cha kusema. Yalikuwa kwenye jarida ambalo hata mimi naingia kwa neno siri la chuo. Tangu siku hiyo matokeo yanasomwa kwanza ukumbini kwa lugha ya watu wenyewe ndio yanaenda kwa mhariri, na mara ya kwanza tu kufanya hivyo yule mama alisimama akasema hapo kwenye ukurasa wa tatu umetuelewa vibaya, na alikuwa sahihi, nikarekebisha.

Kosa langu kubwa kuliko yote lilikuwa fomu. Baba mmoja aliniomba nimjazie, na yeye ana majina matatu, lake, la baba na la babu, hamna la ukoo. Mimi kwa haraka nikaweka la babu kwenye kisanduku cha ukoo, kumbe fomu zake za zamani mtu alikuwa ameweka la baba. Mafaili mawili, watu wawili. Ilichukua miezi mingi kulifungua lile fundo na familia yake inasubiri. PhD yangu haikuwa ya sheria. Siku hizi namsindikiza mtu mpaka kwa wakili wa msaada wa kisheria, nakaa pembeni, nikitafsiri natafsiri tu.

Kitu kingine kidogo, vyeti. Utakutana na mhandisi anayefanya usafi na utataka kumwambia arudi darasani aanze moja. Kabla ya hapo angalia kama nchi mliyopo na ile aliyosomea zimeridhia mkataba wa UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, wa kutambua sifa za elimu ya juu, ulipitishwa 2019 na kuanza kutumika Machi 2023. Haumpi kazi, na fani zenye leseni zina mlolongo wake, ila unampa haki ya sifa zake kutathminiwa bila ubaguzi na nchi zilizoridhia.

Simu bado inalia, nisidanganye. Ila sasa kuna zamu, tuko watu wanne na wawili sio wasomi kabisa na ndio wanajua mambo kuliko mimi, zamu yangu ni Jumatano kuanzia saa kumi na mbili jioni. Leo ni Jumatano na chaji iko asilimia 9, ngoja nitafute waya.