Vidonge vya damu, kalsiamu na zinki: usivibugie vyote kwa mpigo

Wifi yangu ana mimba ya miezi sita, na mezani kwake kuna vidonge vya damu vya kliniki (ndo vile vya madini ya chuma), kuna kalsiamu, afu kuna zinki aliyojinunulia mwenyewe duka la dawa eti inaongeza kinga. Vyote anavibugia asubuhi na chai ya maziwa ili amalize kazi. Akienda kupima damu ipo 9 na pointi, haipandi, analaumu vidonge vya serikali. Vidonge havina kosa jamani!

Iko hivi, kalsiamu na chuma vikikutana kwenye utumbo kwa wakati mmoja, chuma kinachoingia mwilini kinapungua, na maziwa nayo ni kalsiamu hiyohiyo, juu yake yale majani ya chai yana tanini ambayo inakamata chuma, kwa hiyo kidonge kimemezwa vizuri tu ila sehemu kubwa inaishia chooni. Udongo wa pemba nao ni hivyohivyo, najua wajawazito mmenuna hapo ila ndo ukweli.

Mi wakati wa mimba yangu nesi mmoja mama mtu mzima alinipangia hivi na nimempangia wifi vilevile: kalsiamu inaenda na milo, chuma kinasubiri usiku wakati wa kulala, chakula kikiwa kimeshashuka, na maji au juisi ya machungwa maana vitamini C inakisaidia kuingia. Usiku hata kichefuchefu hukisikii sana, unakuwa umelala. Kalsiamu usimeze nyingi kwa mara moja, mwili unapokea vizuri kama mg 500 hivi kwa awamu, ndo maana WHO kwa wajawazito ambao chakula chao kina kalsiamu kidogo wanasema gramu 1.5 mpaka 2 kwa siku ila igawanywe. Na soma boksi vizuri, kidonge kimeandikwa kalsiamu kaboneti mg 1250 kumbe kalsiamu yenyewe humo ni mg 500, feras salfeti ya mg 200 nayo chuma chake ni kama mg 65 tu.

Sasa zinki, hii ndo inanitisha kuliko zote, maana tangu kipindi cha korona watu wanaimeza kama karanga. Mtu mzima asizidishe mg 40 kwa siku, na madukani vipo vya mg 50. Ukikomaa nayo wiki na wiki inafanya utumbo utengeneze protini inayong'ang'ania madini ya shaba, zile seli zikibanduka zinaondoka na shaba yako. Shaba ikiisha damu inashuka, na hiyo hata umeze chuma kopo zima haipandi, wengine mpaka miguu inakufa ganzi. Ile ya mtoto anayeharisha, mg 20 kwa siku 10 mpaka 14 (chini ya miezi sita mg 10), ni habari nyingine, hiyo mpe amalize.

Wifi zinki nimemwambia aiweke pembeni mpaka aongee na daktari wake. Amenuna kidogo, alitoa hela.

Ah na kama umeandikiwa sipro (ile antibayotiki, ciprofloxacin), imeze masaa mawili kabla ya haya madini au sita baada yake, la sivyo yanaishika na UTI yako inabaki palepale. Dawa ya tezi ya shingo (levothyroxine) nayo iachanishe na haya madini masaa manne, na mfamasia mtajie kila kitu unachomeza, hata vile vya kuletewa na shangazi kutoka Dubai.