Kabla hujalipia kontena la mafuta mgando, uliza yametengenezwaje

Kontena langu la kwanza la mafuta mgando ya kuokea lilitoka Malaysia, katoni za kilo 20, mzigo wa kuwauzia waoka mikate wa Dar es Salaam. Kwenye ankara muuzaji aliandika tu "mafuta ya mimea". Wakala wangu wa forodha akapiga simu: "Bosi, haya ni mawese?" Nikamjibu ndiyo, kwa sababu katoni ilichorwa mchikichi. Jibu hilo lilinikalisha wiki tatu nikilipia nafasi bandarini, na kosa lilikuwa langu.

Mawese yalikuwemo kweli. Ila forodha haiulizi mafuta yametoka mti gani tu, inauliza pia yamefanywa nini baada ya hapo. Mawese yaliyosafishwa, au kutenganishwa sehemu nzito na nyepesi, yanabaki namba 1511 kwenye orodha ya ushuru wa forodha. Yakigandishwa kwa haidrojeni yanahamia 1516. Yakichanganywa na mafuta mengine, au yakipoozwa na kusukwasukwa mpaka yawe laini ya kukandia unga, hapo ni 1517, nyumba moja na majarini. Kuganda kwenyewe si ushahidi wa chochote: ile sehemu nzito ya mawese huganda bila kuguswa na haidrojeni na bado ni 1511. Yangu yalikuwa 1517, nasi tulishatamka 1511. Kurekebisha tamko mzigo ukiwa umeshafika ni safari za ofisini, maabara na maelezo ya maandishi, na wakati huo hakuna anayekuonea huruma.

Siku hizi sitoi hata senti ya malipo ya awali kabla kiwanda hakijanitumia karatasi inayosema hatua kwa hatua mafuta yamepitia nini, na asilimia za mchanganyiko. Muuzaji akikataa kwa kisingizio cha siri ya kiwanda, natafuta mwingine. Bidhaa ikiwa na utata, omba TRA, mamlaka ya mapato, uamuzi wa awali wa namba kwa maandishi, kabla meli haijang'oa nanga. Na usipange bei kwa ushuru wa mwaka jana. Viwango vya mafuta ya kula huguswa sana kwenye bajeti ya Juni, kwa hiyo mzigo unaopakiwa Mei na kufika Julai upigie hesabu mara mbili.

Upande wa usalama wa chakula kazi ni ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019 lilipoichukua kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Cheti cha ubora kitafutwe mzigo ukiwa bado kule unakotoka, kwa kampuni zilizoteuliwa na TBS. Ukija bila hicho, ukaguzi unafanyikia huku nawe unabaki kuhesabu siku.

Watu wengi hukwama kwenye cheti cha uchambuzi, yaani majibu ya maabara ya bechi husika. Wengine hutumiwa cha mwaka juzi kilichobadilishwa tarehe! Hakikisha namba ya bechi kwenye cheti ndiyo iliyopigwa kwenye katoni. Kisha angalia peroksaidi, kipimo kinachoonyesha mafuta yameanza kuchacha au la. Kwa mafuta yaliyosafishwa Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, inaishia 10. Mimi nikiona 6 au 7 kiwandani siyanunui, kwa sababu kuna safari ya bahari mbele na jua la bandarini. Kanuni zetu za urutubishaji, yaani kuongeza vitamini na madini kwenye chakula, zinagusa mafuta ya kula, hivyo vitamini A na kiasi chake viandikwe kwenye cheti na kwenye lebo.

Uliza na mafuta ya transi ya viwandani, yale yanayodhuru moyo, hasa pakitajwa haidrojeni. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta yote. Waokaji wakubwa wameanza kuniuliza wenyewe.

Jambo dogo, lakini lilinigharimu katoni nyingi: mruhusu mkaguzi achukue sampuli asubuhi. Kontena likifunguliwa saa nane mchana mafuta yanalegea, yanavuja kwenye plastiki ya ndani, na wino wa tarehe ya mwisho wa matumizi unafutika. Katoni isiyosomeka tarehe haitoki. Sasa nadai tarehe ipigwe pande mbili za katoni, na kiwanda hakijawahi kuniongezea bei kwa hilo.