Kabla hujampunguza mabawa kasuku mdogo: niliyoyapata kwa mkasi wangu

Mkuu, nimekuelewa: kasuku wako mdogo, wale wa asili ya Australia wenye mistari mgongoni, ana miezi mitatu. Ukifungua tundu tu anakimbilia dirishani, ameshagonga kioo mara mbili, na sasa unataka umpunguze mabawa mwenyewe nyumbani. Nakujibu kwa urefu kwa sababu nimeshafanya, na mara ya kwanza nilifanya ovyo kabisa.

Mfuga njiwa mmoja aliniambia nikate bawa moja tu, eti ndege akikosa mizani anatulia. Mizani kweli aliikosa. Alijirusha kutoka begani kwangu, akapinda hewani, akajizungusha na kutua sakafuni kwa kidari. Pale kifuani ana mfupa umesimama kama mkuku wa mashua, na juu yake ni ngozi nyembamba tu. Ikapasuka. Wiki nzima alishinda chini ya tundu, hata kijiti cha chini kabisa hakukigusa, na kila nikipeleka mkono anajibanza kwenye kona. Kwa hiyo kama ni kukata, ni pande zote mbili kwa idadi ileile, la sivyo acha.

Sasa lijue bawa lenyewe. Likifunguliwa utaona manyoya marefu kumi upande wa nje, yale ya kwenye ncha. Hayo ndiyo ya kumsukuma mbele na kumpandisha juu. Yanayofuata kuelekea mwilini ndiyo yanayombeba asidondoke kama jiwe, usiyaguse kamwe, na mkia nao uache. Juu ya manyoya marefu kuna safu ya manyoya mafupi yanayofunika mashina yake. Mkasi unapita chini ya safu hiyo, haupandi juu yake. Ukikata karibu mno na nyama, vibutu vinamchoma ubavuni kila akikunja bawa, naye ataanza kuvitafuna.

Wengi wanauliza yakatwe mangapi. Hapa ndipo ukubwa wake unapodanganya watu. Ndege huyu ana gramu 30 hadi 40 tu, hivyo ukipunguza manne bado anaweza kuruka vizuri, na nje, upepo kidogo tu unamchukua hata aliyekatwa sita. Usimtoe nje bila tundu kwa imani kwamba mabawa yamepunguzwa. Mimi naanza na matatu ya nje kila upande, namwachia juu ya kitanda, namwangalia. Kama bado anapanda juu, naongeza moja kila upande. Nikifika matano au sita nimemaliza, hata kama bado ana nguvu kidogo. Kinachotakiwa ni ashuke taratibu kwa mteremko na kutua kwa miguu. Akidondoka, umezidisha, na huwezi kurudisha: unyoya uliokatwa haurefuki, unakaa hivyo hivyo hadi unyonyoke wenyewe na mwingine uote, na hapo ni kusubiri miezi.

Kumshika ndiko kugumu kuliko kukata. Fanya jioni, punguza mwanga, hapo hatapapatika sana. Mgongo wake ulale kwenye kiganja, shingo ipite kati ya kidole cha shahada na cha kati, vidole vingine vimzunguke bila kumkaza. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu, anapumua kwa kidari kupanda na kushuka. Ukimbana kifua unamziba pumzi huku mdomo na pua viko wazi, na wewe utadhani ametulia. Utasikia moyo wake ukidunda kwenye vidole kama saa iliyopagawa. Akianza kuhema mdomo wazi, mwachie, mtaendelea kesho. Na awepo mtu wa pili wa kufungua bawa na kukata, maana peke yako mikono haitoshi. Bawa lenyewe lishikwe karibu na kiungo, si kwenye ncha.

Lililonitisha kuliko yote lilikuja mara ya pili, nikijiona fundi. Nilikata unyoya mmoja nikaona tone jekundu, halafu la pili, halafu yakawa yanafuatana. Ulikuwa unyoya mchanga, bado una damu ndani ya shina. Ukiugeuza upande wa chini kwenye mwanga unautambua: shina ni nene na jeusi-jeusi, kama kalamu ya wino inavyoonekana ndani, na juu yake kuna ganda jeupe la nta. Uliokomaa shina lake ni jeupe, linapitisha mwanga. Ndege wa gramu 35 damu yake yote haijai kijiko cha chai, kwa hiyo matone unayoyapuuza kwako, kwake si madogo. Nilibandika unga laini kwenye mkato na kubana kwa pamba dakika kadhaa, ikakata. Isingekata, ilikuwa ni kwenda kwa daktari wa mifugo usiku huohuo. Tangu hapo nakagua unyoya mmoja mmoja kabla ya mkasi, na nikikuta mchanga nauacha pamoja na jirani yake, kwa sababu unyoya unaochipua ukisimama peke yake bila wa kuukinga huvunjika kirahisi.

Wako, kwa umri huo, yuko kwenye kubadili manyoya yake ya kwanza, utaona mistari ya kwenye paji inarudi nyuma. Kipindi hicho anawashwa na hapendi kushikwashikwa. Binafsi nisingemgusa sasa. Isitoshe, kinda anatakiwa ajifunze kwanza kuruka, kukata kona na kutua, ndipo hata akipunguzwa baadaye anajua kuanguka. Wangu niliyemkata mapema hakuacha kamwe kutua kama mzigo uliotupwa.

Halafu tuseme ukweli, shida yako ni kioo. Yeye hakioni. Shusha pazia kabla ya kufungua tundu, au bandika karatasi kwenye kioo kwa wiki mbili tatu, funika na vioo vya kujitazamia, zima feni, funika sufuria na ndoo za maji. Mtoe kabla hajala, ukiwa na suke la uwele mkononi, mlangoni mwa tundu. Huyu nilionaye sasa sijamkata hata unyoya mmoja. Ilichukua karibu mwezi kuja mkononi, na siku za mwanzo alikuwa ananyakua punje na kukimbilia juu ya pazia, nabaki nimesimama nusu saa mkono juu. Aliyekatwa alikaa mkononi siku ya pili, lakini ni kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, na manyoya yaliporudi naye akarudi kunikimbia.

Ukiona bado lazima, mara ya kwanza mpeleke kwa daktari anayejua ndege, akate wewe ukitazama na kuhesabu. Na ukiamua mwenyewe, weka hapa picha ya mabawa yote mawili yakiwa wazi, upande wa chini, kabla hujashika mkasi. Tuangalie kwanza kama kuna mashina meusi.