Maswali ya Sheria: Nataka Kuhama Kwetu

Nina miaka 16. Wakili gani ataniandikia kiapo nijitegemee? (Jang'ombe)

Hakuna, na swali hili nimelichoka. Hayo ni ya California, ambako mtoto wa miaka 14 anaweza kumwomba jaji amtangaze anajitegemea. Kwa Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011, Zanzibar ukiwa hujatimia miaka 18 wewe ni mtoto. Mahkama inaweza kukubadilishia mlezi, haikuachi bila mlezi. Atakayekuuzia kiapo kakuuzia karatasi.

Baba ananipiga mpaka navuja damu. Nataka kuishi kwa mama mdogo Wete. (17, Chake Chake)

Nenda hospitali leo, kabla alama hazijafifia, ulizia Kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachohudumia waliofanyiwa ukatili. Huwezi kutoka? Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Kisha Ustawi wa Jamii wilayani, na mama mdogo akufuate: cheti chako cha kuzaliwa, kitambulisho chake, barua ya sheha wake (kiongozi wa shehia). Barua hiyo inathibitisha anapoishi tu, haimpi ulezi. Ulezi unatoka mahkamani. Afisa akija nyumbani, mwombe azungumze nawe faraghani, maana mbele ya baba utasema "hakuna tatizo" na ndivyo itakavyoandikwa.

Mambo huharibikia barazani. Wazee wanakaa, baba anaomba radhi, mtoto anarudishwa, na PF3, fomu ya polisi anayoijaza daktari, inabaki mkobani. Waache wasuluhishe wakitaka, wewe ripoti.

Mpwa wangu, msichana wa miaka 15, kanijia usiku. Nimpokee? (Bububu)

Mpokee, na asubuhi hiyo hiyo mpe habari sheha, kisha Ustawi. Ukinyamaza, wazazi wanaweza kukufungulia shitaka la kutorosha, hasa ukiwa mwanamme. Andika saa aliyofika na majeraha uliyoyaona. Akisema kaingiliwa, asioge wala asifue. Nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwani unyevu huozesha ushahidi. Usimhoji mara tano. Hiyo kazi ya polisi na daktari.

Wazazi wameachana, sitaki kukaa kwa yeyote. (Mkoani)

Hadhana, yaani nani akae na mtoto, kwa Waislamu ipo kwa Kadhi. Kwa madhehebu ya Shafi, mtoto aliyefika tamyizi, umri wa kupambanua mambo, kiasi cha miaka saba, huchagua baba au mama. Chumba cha kupanga hakimo.

Nikiolewa si nitakuwa huru? (16)

Kwa nani? Ukigombana na mume utarudi kwa baba yule yule, pengine na mtoto mkononi na skuli umeshaiacha. Kama unakimbia kipigo, rudi jibu la pili.

Baba kaninyang'anya simu. Nimshitaki?

La. Kasome.