Civita di Bagnoregio, kijiji kinachomomonyoka: maswali yenu na majibu

Nimesikia Wataliano wanakiita "mji unaokufa". Ni kweli au ni tangazo la utalii?

Ni kweli. Juu ya kilima kuna tabaka la jiwe laini la volkano, lililotoka kwenye milipuko ya eneo la ziwa Bolsena. Chini yake ni udongo wa mfinyanzi ambao zamani ulikuwa sakafu ya bahari, na shida inaanzia huko chini. Mvua na vijito viwili, Rio Chiaro na Rio Torbido, vinaula udongo huo. Jiwe likikosa pa kuegemea hupasuka wima, kisha ukingo mzima huporomoka pamoja na nyumba zilizo juu yake. Miamba imefungwa kwa nondo ndefu za chuma, lakini nondo hushika jiwe tu. Udongo unaendelea kuondoka. Kwa maoni yetu, kitakachookoa Civita ni kazi ya kule bondeni ya kudhibiti maji, ingawa mtalii haioni. Wakazi wa kudumu wamebaki kama dazeni moja.

Nani walikijenga, na kwa nini watu walihama?

Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati, yapata miaka 2,500 iliyopita. Kwa karne nyingi Civita ndiyo iliyokuwa makao ya askofu na utawala. Tetemeko la Juni 1695 liliharibu majengo mengi na njia ya kuingilia, na ofisi zikahamia mtaa wa jirani, ambao leo ndio Bagnoregio. Wenye uwezo wakafuata huko.

Je, Mtakatifu Bonaventura alizaliwa hapo?

Ndiyo, mtawa huyo Mfransisko alizaliwa hapo mapema katika karne ya 13, akiitwa Giovanni Fidanza. Msitarajie kuiona nyumba yake: sehemu kubwa imekwenda na ukingo.

Tutafikaje kutoka Roma bila gari?

Pandeni treni hadi Orvieto, safari ya saa moja na kitu, kisha basi la kampuni ya Cotral hadi Bagnoregio, chini ya saa moja. Wengi hukwama hapa: Jumapili na sikukuu basi hilo halipo, na siku za kawaida mabasi ni machache, kwa hiyo tazameni saa ya kurudi kabla ya kuondoka Orvieto. Tiketi nunueni mapema kwenye duka la tumbaku, za kwenda na kurudi kwa pamoja, kwa sababu duka la Bagnoregio mnaweza kulikuta limefungwa mchana. Kutoka kituo cha basi hadi kwenye daraja la kuingilia Civita ni mwendo wa kama nusu saa kwa miguu.

Mama yangu ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Ataweza?

Daraja la zege la mwaka 1965 lina urefu wa mita 300 hivi, na watalii hulivuka kwa miguu. Mwanzoni ni rahisi. Mwinuko mkali uko mwishoni, karibu na lango, wakati miguu imeshachoka. Mama avuke asubuhi kabla ya jua kali, avae viatu vya soli isiyoteleza, na apumzike kabla ya ule mwinuko. Akishindwa, pale Belvedere, mahali pa kutazamia mandhari upande wa Bagnoregio, atakiona kijiji chote bila kuvuka. Kiingilio kilianza mwaka 2013 kwa euro 1.50, sasa ni euro 5.

Ndani kuna nini cha kuona kwa saa mbili?

Saa mbili zinatosha, ila msiishie kwenye uwanja wa katikati ya kijiji. Langoni, Porta Santa Maria, inueni macho: kuna simba wa mawe walioshika vichwa vya watu. Kanisa la San Donato, lililokuwa kanisa kuu la jimbo, liko kwenye uwanja. Kisha endeleeni hadi mwisho wa kijiji, mteremke kwenye Bucaione, njia iliyochimbwa ndani ya mwamba na Waetruski kuelekea bondeni. Wengi huikosa, nasi tunaiona kuwa sehemu bora kuliko zote, kwani hapo mwamba wenyewe unaonekana kwa ndani. Mkipenda shamrashamra, nendeni Jumapili ya kwanza ya Juni au ya pili ya Septemba, punda wanaposhindana mbio kuuzunguka uwanja. Siku hizo fikeni mapema, na mkodi gari kwa kuwa ni Jumapili.