Maswali yenu: Chupa au mfuko wa mpira mlimani?

SWALI: Kaka shikamoo. Mimi na wenzangu wa kazini tunapanda Kilimanjaro Desemba, njia ya Machame siku 7. Goti langu la kushoto bovu kidogo so natembea na fimbo mbili, mikono yote bize, nikitaka maji lazima nisimame nivue begi wenzangu wananiacha. Kuna jamaa ananiuzia ule mfuko wa maji wa lita 2 unaokaa ndani ya begi unanyonya kwa mpira, mtumba ila anasema haujatumika sana. Ninunue au nibaki na chupa zangu? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nunua, ila chupa usiache nyumbani, nitakwambia kwa nini.

Kule juu unatakiwa unywe kama lita 3 mpaka 4 kwa siku, na mtu wa chupa ananywa akishashikwa na kiu tu coz anaona uvivu kuvua begi, ila mwenye mpira begani anapiga funda moja moja huku anatembea na jioni anashangaa mfuko umeisha. Kwa wewe mwenye fimbo mbili ndo kabisa.

Huu mfuko wenyewe ulianza kihuni tu. Mwaka 1989 Mmarekani mmoja, Michael Eidson, alikuwa kwenye mbio za baiskeli Texas, joto la kufa mtu, akachukua mfuko wa dripu akajaza maji akautia kwenye soksi akaubana mgongoni kwenye jezi. Ndo ikazaliwa CamelBak, kampuni inayotengeneza mifuko hii.

Sasa huo mtumba, usimpe jamaa hela kabla hujaujaza maji, ukaulaza chini na kuukandamiza kwa mikono. Ukivuja hata tone achana nao, utakuja kulowanisha nguo zako za kulalia. Angalia mpira kwa ndani kwenye mwanga, ukiona vidoa vyeusi hiyo ni ukungu, na ka kidomo ka kunyonyea nunua kapya, mate ya mtu ya nini.

Shida iko usiku wa kilele. Mnatoka kambi ya Barafu, mita 4,673 juu ya bahari, kama saa 6 usiku, baridi chini ya sifuri, na ule mpira mwembamba uko nje so maji yanaganda humo kwanza hata kama mfuko wenyewe mgongoni bado mzima. Kila ukishakunywa puliza hewa maji yarudi mfukoni, na mpira upitishe ndani ya jaketi. Hata hivyo usiuamini sana. Hapo ndo chupa inakuja, ngumu ya lita 1 yenye mdomo mpana, maji ya moto, ivishe soksi nene uiweke kichwa chini miguu juu, kwa sababu barafu inaanzia juu ya maji so mdomo unabaki haujaganda. Zile chupa za maji za dukani, za kutumia mara moja, hata usihangaike nazo, haziruhusiwi hifadhini.

Kumbuka lita moja ni kilo moja, na Barafu hakuna maji, wapagazi wanayabeba toka bonde la Karanga, so usije ukaonekana unanawia uso nusu ndoo.

Juisi na soda usitie kwenye huo mfuko kabisa. Ukirudi osha, utundike umepanuliwa na kijiti ndani ukauke.

SWALI: Nakimbia km 21, kibegi cha maji cha kiunoni kinarukaruka kinaniudhi. Nifanyeje? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Kitakuwa kile cha chupa moja kubwa mgongoni. Tafuta cha vichupa viwili vidogo, kimoja kila upande, na mkanda ukae kwenye mifupa ya nyonga sio tumboni. Ila siku ya mbio zenyewe kama kuna meza za maji njiani kiache tu nyumbani, utakibeba mazoezini.