Kufundisha nyimbo za Wagullah Marekani: jibu kwa mwalimu wa muziki wa Tanga

Mwalimu, shikamoo. Umeuliza kama mtu wa ngoma kutoka Tanga anaweza kuja huku pwani ya South Carolina na Georgia akaishi kwa kufundisha nyimbo za Wagullah, wazao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, maana umesikia ni Waafrika wenzetu waliotunza mila. Kufundisha, hapana. Kuja kujifunza kwao, ndiyo, tena nakusihi uje.

Kwanza karatasi. Viza ya utalii hairuhusu kulipwa kwa onyesho. Ipo P-3, ya wasanii wa utamaduni wa kipekee, na mwenye nayo anaweza kufundisha, ila maombi yanapelekwa na mwenyeji aliyeko Marekani pamoja na ushahidi kwamba sanaa hiyo ni ya jadi kweli. Ushahidi utakaoweza kuutoa wewe ni wa ngoma za kwenu.

Halafu nyimbo hizi zina wenyewe. Wazee wao walitekwa Afrika Magharibi, Sierra Leone ikiwemo, na pande za Kongo na Angola; Kiswahili hakimo. Mwalimu wao mkubwa alikuwa Bessie Jones wa kisiwa cha St. Simons (1902–1984). Nyingi alizipata kwa babu yake aliyewahi kuwa mtumwa, akazisambaza shuleni na majukwaani pamoja na kikundi cha Georgia Sea Island Singers. Tazama makofi tu alivyoyafundisha. Kofi la besi, viganja vinakunjwa kidogo, hewa inabaki katikati. Kofi la teno, vidole vya mkono mmoja vinapiga kiganja cha mwingine kilicho wazi. Kati yake ipo baritoni. Watu watatu wanajaza mdundo bila chombo chochote, na haja hiyo ina sababu: baada ya uasi wa watumwa wa Stono wa 1739, sheria ya South Carolina ya 1740 iliwakataza watumwa kupiga ngoma.

Kwenye ring shout, ibada yao ya kuimba kwa kuzunguka duara, mwimbishaji anaanza, waitikiaji wanapokea kwa sauti na makofi, na mmoja anatwanga sakafu ya mbao kwa mpini wa fagio. Wachezaji wanazunguka kinyume cha saa wakiburuza nyayo. Miguu ikipishana imekuwa dansi, na kanisani dansi haikubaliki. Wageni huteleza hapo. Kwenye saruji au zulia mpini haulii, kwa hiyo ukijaribu kwenu, tafuta pleiwudi iliyoinuliwa kidogo.

Kinachowaumiza Wagullah ni ardhi. Mashamba mengi ni urithi usiogawanywa: ndugu mmoja akiuza fungu lake, mnunuzi anaweza kuiomba mahakama iuze lote. Familia zikitawanyika, mwimbishaji anabaki bila wa kumwitikia.

Ukija, lenga usiku wa 31 Desemba huko Bolden, kaunti ya McIntosh, Georgia, ambako shout bado inafanyika kanisani. Pita pia Penn Center, kisiwa cha St. Helena, shule iliyoanzishwa 1862 kwa watu waliotoka utumwani. Simu yako usiiwashe kurekodi kabla hujaomba ruhusa kwa wazee, na ukikaribishwa, anza na kuitikia.